Nyambizi, Makombora ya Pwani, Boti za Droni au Meli za Doria: Nchi ya Asia Ianze na Nini Kulinda Bahari Yake?

Ufilipino, Vietnam, Malaysia, Indonesia, Thailand na Taiwan zina shida inayofanana: bahari kubwa, bajeti isiyotosha kununua kila kitu, na karibu nao China, yenye jeshi la majini linaloongoza duniani kwa idadi ya vyombo. Ripoti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ya mwaka 2023 iliihesabia China manowari na nyambizi zaidi ya 370. Hakuna hata mmoja kati ya sita hao anayeweza kushindana nayo meli kwa meli. Kwa hiyo linabaki swali la mpangilio: kipi kinunuliwe kwanza, na kipi kisubiri.

Ulinganisho huu ni wa mwanafunzi, mwandishi wa habari na yeyote anayefuatilia mjadala huo akachoshwa na makala zinazotaja kasi na masafa tu. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa mambo haya hayako mbali. Manowari za China zilitia nanga Dar es Salaam mwaka 2024 kwa mazoezi ya pamoja na Tanzania na Msumbiji, na Aprili 2025 zikafika za India kwa mazoezi ya AIKEYME. Bahari ni moja.

Vigezo

Kabla ya kutaja chombo chochote, tukubaliane tunapima nini.

Kwanza ni aina ya tishio. Kuna bughudha ya kila siku: wavuvi kufukuzwa, boti za mahitaji kupigwa kwa mizinga ya maji, meli za walinzi wa pwani kugongwa ubavuni. Halafu kuna vita yenyewe: kisiwa kuzingirwa, au askari kushushwa ufukweni. Chombo kinachofaa kwa hili mara nyingi hakifai kwa lile, na hapo ndipo mijadala mingi inapopotea.

Pili ni bei nzima na muda, yaani chombo pamoja na gati, karakana, vipuri na mafunzo, na miaka inayopita tangu kusaini hadi kutumika. Tatu ni watu: wanahitajika wangapi, na inachukua muda gani kuwafunza. Nne ni maji yenyewe, kina chake, umbali na mawimbi. Tano ni kinachoharibika, na nani ameshika ufunguo wa kukitengeneza.

Nyambizi za dizeli na umeme

Kazi yake. Nguvu ya nyambizi ni kutojulikana ilipo. Ikishatoweka gatini, manowari za upande wa pili hulazimika kutuma helikopta kuisaka, kubadili njia na kwenda kwa tahadhari, hata kama yenyewe imetulia kilomita 300 kutoka hapo. Lakini haiwezi kumsaidia mvuvi. Ikiibuka juu inapoteza faida yake, na kwa mtu anayerusha maji haina jibu ila topido, yaani kuanzisha vita.

Bei na muda. Mfano ulio wazi ni Vietnam. Mwaka 2009 iliagiza kutoka Urusi nyambizi sita za aina ya Kilo kwa takriban dola bilioni 2. Ya kwanza ilifika ghuba ya Cam Ranh mwaka 2013 ukimalizika, ya sita mwaka 2017. Miaka minane, na hiyo ni kazi iliyokwenda vizuri. Thailand ilisaini na China mwaka 2017 kununua moja kwa baht bilioni 13.5. Injini zilikuwa zitoke Ujerumani, Ujerumani ikakataa kuziuza kwa sababu ya vikwazo vya silaha ambavyo Ulaya imeiwekea China tangu 1989, na mradi ukakwama miaka kadhaa hadi baraza la mawaziri la Thailand lilipokubali injini ya Kichina Agosti 2025. Taiwan iliamua kujenga yake. Nyambizi hiyo, Hai Kun, ilizinduliwa Septemba 2023, ikaanza majaribio ya baharini Juni 2025, na tarehe ya kukabidhiwa, Novemba 2025, ikapita.

Halafu nyambizi sita si sita. Kanuni wanayoifuata wanamaji ni tatu kwa moja: moja ikiwa doria, ya pili iko mazoezini au inajiandaa, ya tatu iko karakana imefunguliwa. Sita zinakupa mbili baharini. Mbili, kama za Malaysia, zina miezi ambapo hazikupi hata moja.

Watu. Nyambizi moja ya Kilo inahitaji mabaharia 52. Singapore, yenye uhaba wa vijana wa kuandikisha, ilichagua nyambizi za Kijerumani za daraja la Invincible zinazoendeshwa na watu 28. Mbili za kwanza kuhudumu nyumbani zilikabidhiwa rasmi Septemba 2024. Mabaharia wa Vietnam walifunzwa Urusi na India. Nahodha wa nyambizi hapatikani kwa kozi ya miezi sita. Anahitaji miaka ya kupanda ngazi ndani ya chombo hichohicho.

Maji yanayoifaa. Kina ndicho kificho chake. Mbele ya Cam Ranh sakafu ya bahari hushuka haraka, na nyambizi ikitoka tu inapata pa kupotelea. Ghuba ya Thailand ni kinyume: wastani wa kina ni mita 50 hivi, na nyambizi waliyoagiza ina urefu wa takriban mita 78. Ingesimamishwa wima, zaidi ya theluthi yake ingetokeza juu ya maji. Haimaanishi haiwezi kufanya kazi, ila itabidi isafiri mbali kabla ya kuwa salama.

Panapoharibika. Moyo wa nyambizi ni betri. Kilo ikijikongoja kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 na nusu kwa saa, inaweza kwenda takriban kilomita 740 chini ya maji, yaani siku tano na nusu. Ikikimbia kwa kasi yake ya juu, betri humalizika kwa saa chache. Hapo lazima ipandishe bomba la hewa juu ya maji na kuwasha dizeli ili ichaji, na ndipo rada na vinasa sauti vinapoikamata. Betri za risasi na asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni. Feni zikizembea, cheche moja inatosha. Maji ya chumvi yakizifikia hutoka gesi ya klorini, na ndani ya bomba la chuma lililofungwa hakuna pa kukimbilia. Ndiyo maana Japan ilianza kubadili: Oryu, iliyoingia kazini Machi 2020, inatumia betri za lithiamu, na Indonesia iliagiza nyambizi mbili za Kifaransa za Scorpène zenye betri za lithiamu mwaka 2024. Lithiamu hubeba umeme mwingi zaidi na kuchaji haraka, ila nayo ikipata joto kupita kiasi moto wake ni mgumu kuzima.

Indonesia inajua gharama ya nyambizi kuliko wengi. Alfajiri ya Aprili 21, 2021, KRI Nanggala-402, iliyojengwa Ujerumani na kuingia kazini 1981, ilizama kaskazini mwa Bali wakati wa mazoezi ya kurusha topido. Ilikuwa na watu 53. Hewa ilikadiriwa kuwatosha saa 72 endapo umeme ungekatika. Mabaki yalionekana mita 838 chini, yamevunjika vipande vitatu, kwenye kina ambacho mwili wa nyambizi ile haukujengwa kukistahimili. Kamera iliyoyafikia ilishushwa na meli ya uokoaji ya Singapore, MV Swift Rescue, iliyoitwa chini ya makubaliano ya mwaka 2012 kati ya nchi hizo mbili. Nchi inayonunua nyambizi bila kupanga nani atakuja kuwaokoa watu wake haijamaliza hesabu, na waliomo ndani ndio watakaolipa.

Inamfaa nani. Mwenye maji ya kina karibu na kambi, bajeti ya uhakika kwa miaka 15 au zaidi, na hofu ya vita kuliko ya bughudha.

Makombora ya kupiga meli kutoka pwani

Kazi yake. Lori lenye kombora linajificha msituni, linatoka, linafyatua, linaondoka. Kwa anayetaka kushusha askari ufukweni au kuizingira pwani, hili ni tishio la kweli. Aprili 2022 Ukraine iliizamisha Moskva, manowari kuu ya Urusi katika Bahari Nyeusi, kwa makombora ya Neptune yaliyofyatuliwa kutoka nchi kavu, na kila jeshi la Asia lilizingatia.

Bei na muda. Hapa kasi ya ununuzi ni nzuri. Ufilipino ilisaini Januari 2022 mkataba wa karibu dola milioni 375 na BrahMos, kampuni ya ubia kati ya India na Urusi, kwa betri tatu za makombora, yaani vikosi vitatu vya malori ya kufyatulia. Shehena ya kwanza ilifika Aprili 2024, ya pili mwaka uliofuata. Marekani iliidhinisha mwaka 2020 kuiuzia Taiwan mitambo 100 ya kufyatulia kombora la kupiga meli la Harpoon pamoja na makombora 400 kwa dola bilioni 2.37, lakini foleni ya viwanda ni ndefu na shehena zilianza kufika mwaka 2024.

Watu. Kundi la kwanza la Wafilipino 21 lilimaliza mafunzo ya kuendesha mtambo huko Nagpur, India, kwa takriban wiki tatu mwanzoni mwa 2023. Linganisha na miaka ya nyambizi. Kazi ngumu zaidi ni ya mafundi na ya wale wanaotafuta shabaha.

Maji yanayoifaa. BrahMos inayouzwa nje ina masafa ya kilomita 290. Tuchukue miamba miwili ambayo Ufilipino na China zinaigombania: Scarborough uko takriban kilomita 220 kutoka Luzon, na Ayungin, ambao ramani nyingine huuita Second Thomas, uko kilomita 195 hivi kutoka Palawan. Kwenye karatasi, yote yamo ndani.

Panapoharibika. Kwenye karatasi tu. Dunia ni mviringo na rada huona kwa mstari ulionyooka. Rada iliyo juu ya lori, antena mita 10 kutoka ardhini, inaiona meli yenye mlingoti wa mita 20 ikiwa umbali wa kilomita 31 hivi. Ipandishe kilimani mita 400, itafika kilomita 100. Hizo kilomita 190 zilizobaki zinahitaji macho mengine: ndege ya doria, droni ya angani, setilaiti, au meli ya rafiki. Mshale unakwenda mbali kuliko jicho la mpigaji, na nchi nyingi hununua mshale kwanza.

Kasi nayo ina maana yake hapa. BrahMos huruka kwa karibu mara 2.8 ya kasi ya sauti, hivyo kilomita 290 huzimaliza kwa takriban dakika tano. Kombora la kasi ya chini ya sauti huhitaji dakika 16 hivi. Meli inayokwenda kilomita 46 kwa saa husogea chini ya kilomita nne katika muda wa kwanza, na zaidi ya kilomita 12 katika wa pili. Kwa hiyo kombora la polepole linadai taarifa mpya zaidi kuhusu shabaha. Kwa upande wake huwa dogo, jepesi na la bei nafuu, na huweza kuruka chini karibu na mawimbi bila joto kali linaloonekana kwa mbali.

Macho hayo nayo hugharimu. India ilisaini Oktoba 2024 kununua droni 31 za MQ-9B kwa zaidi ya dola bilioni 3, na mwezi mmoja kabla, moja iliyokuwa imekodishwa kwa jeshi lake la majini iliharibika angani ikatuliwa baharini karibu na Chennai.

Na kombora halina kipimo kidogo. Haliwezi kuonya wala kusukuma. Mvuvi wa Zambales, pwani ya Luzon, anayefukuzwa Scarborough hasaidiki na BrahMos, kwa sababu hakuna rais atakayelifyatua kwa ajili ya maji ya mzinga.

Inamfaa nani. Anayeogopa kuvamiwa au kuzingirwa, mwenye pwani yenye milima, misitu na barabara za kuhamishia malori, na ambaye tayari ana njia ya kuona mbali au mshirika anayempa picha.

Boti za droni na droni za chini ya maji

Kazi yake. Kuna mbili ndani ya jina moja. Ya kwanza ni ya kulipuka. Magura V5 ya Ukraine ina urefu wa mita 5.5, hubeba hadi kilo 320, hufikia kilomita 78 kwa saa na kusafiri hadi kilomita 800. Februari 1, 2024 boti hizi ziliizamisha meli ya kivita ya Urusi Ivanovets, wiki mbili baadaye Tsezar Kunikov, na Machi 5 Sergey Kotov. Ya pili ni ya kuangalia: hukaa baharini siku nyingi ikipiga picha, ikisikiliza na kupima maji. Hii ya pili ndiyo inayotumika zaidi Asia kila siku. Desemba 2020 mvuvi wa Indonesia aliopoa karibu na kisiwa cha Selayar chombo cha chuma kilichofanana na kombora, urefu sentimita 225, chenye mabawa na vitambuzi. Ilikuwa droni ya kupima bahari, na njia za Indonesia zinazounganisha bahari mbili ndizo ambazo nyambizi yoyote ingetaka kuzijua kwa kina.

Bei na muda. Magura moja hukadiriwa kugharimu dola 250,000 hadi 300,000. Kwa fedha za mkataba wa BrahMos wa Ufilipino ungepata zaidi ya elfu moja. Muda ni miezi, na kiwanda cha boti za plastiki ngumu kinatosha kwa mwili wake. Taiwan imeanza kujenga zake, na Ufilipino imepokea kutoka Marekani boti ndogo za T-12 kwa ajili ya kuangalia.

Watu. Hakuna anayekufa ndani yake, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Lakini usidanganyike kwamba haina watu. Kila boti inamtaka anayeielekeza, anayesoma kamera, fundi wa redio, na wa kuishusha na kuiopoa.

Maji yanayoifaa. Hapa ndipo somo la Bahari Nyeusi linapohitaji kusomwa kwa makini. Mlango wa Taiwan una upana wa kilomita 130 pale penye wembamba zaidi, hivyo boti ya kulipuka inaufikia upande wa pili na masafa yakabaki. Bahari ya China Kusini ni kitu kingine. Kuanzia Novemba hadi Machi inavuma monsuni ya kaskazini-mashariki, ndugu wa hiyo kaskazi yetu, na mawimbi ya mita mbili au tatu ni ya kawaida. Boti ya mita 5.5 inayoruka juu ya wimbi haioni mbele, antena yake huzama, na kamera hujaa chumvi. Ongeza vimbunga: takriban 20 huingia eneo la Ufilipino kila mwaka.

Panapoharibika. Mawasiliano kwanza. Boti hizi hutegemea setilaiti. Anayeweza kuvuruga ishara au kuzima huduma ameshazishinda bila risasi. Pili, maji ya joto: kome na viumbe vingine huota kwenye mwili na rafadha ndani ya wiki chache, kasi ikashuka na mafuta yakaliwa zaidi. Tatu, mshangao huisha. Baada ya pigo la kwanza adui huweka vizuizi bandarini, bunduki kwenye deki na helikopta angani. Nne, chombo kisicho na mtu ni rahisi kuchukuliwa. Desemba 2016 jeshi la majini la China liliokota droni ya chini ya maji ya Marekani karibu kilomita 90 kutoka Subic, Ufilipino, mbele ya macho ya meli iliyokuwa ikija kuiopoa, likairudisha siku chache baadaye. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekufa, na pia hakuna aliyeweza kuzuia.

Inamfaa nani. Mwenye fedha kidogo na haraka nyingi, maji membamba, na mafundi wa nyumbani. Za kuangalia zinamfaa karibu kila mmoja.

Meli za doria

Kazi yake. Kuwepo. Neno dogo, lakini katika Bahari ya China Kusini ndilo linaloamua nani anavua na nani anafukuzwa. Uamuzi wa mahakama ya usuluhishi wa Julai 12, 2016 kuhusu madai ya China uliipa Ufilipino ushindi wa kisheria, na bado tangu mvutano wa 2012 Scarborough iko chini ya udhibiti wa meli za China, kwa sababu ndizo zilizopo pale kila siku.

Bei na muda. Japan iliikopesha Ufilipino yeni bilioni 16.5 hivi kwa meli mbili za mita 97, ambazo zilifika 2022. Mei 2024 zikasainiwa tano zaidi kwa mkopo wa yeni bilioni 64.38, yaani karibu yeni bilioni 13 kila moja. Bei inapanda hata kwa meli isiyo na makombora. Ukitaka zenye makombora, tazama Malaysia. Meli sita za kivita za pwani ziliagizwa kwa ringgit bilioni 9, ya kwanza ikitakiwa 2019. Mwaka 2022 kamati ya bunge ilikuta zaidi ya ringgit bilioni 6 zimeshalipwa na hakuna meli hata moja iliyokamilika. Idadi ilipunguzwa kuwa tano na bei ikapanda hadi bilioni 11.2.

Watu. Meli ya mita 97 inachukua mabaharia 67 hivi, na ni kazi inayofahamika. Nchi yenye mabaharia wa meli za biashara ina pa kuanzia. Ila ukitaka meli ikae eneoni mwaka mzima, unahitaji mabaharia wa zamu mbili na meli ya kupokezana.

Maji yanayoifaa. Yote, hata ya dhoruba, mradi isisogelee miamba. Ukubwa una uzito wake: meli 5901 ya walinzi wa pwani wa China ina tani 12,000, na inapokuja ubavuni meli ya mita 44 hupisha tu.

Panapoharibika. Aprili 2024 Ufilipino ilipeleka BRP Teresa Magbanua, moja ya hizo za mita 97, ikatia nanga kwenye mwamba wa Sabina. Ilikaa miezi mitano. Agosti 31 iligongwa zaidi ya mara moja na ubavu ukatoboka. Boti za mahitaji zilizuiwa. Mabaharia waliishia kula uji wa mchele na kunywa maji ya mvua na ya viyoyozi, na meli ilipofika Puerto Princesa, kisiwani Palawan, Septemba 15 baadhi yao walishushwa kwa machela. Meli yenyewe ilikuwa bado inaweza kusafiri. Kilichoishiwa ni watu na maji ya kunywa. Anayepanga doria apange kwanza lita za maji kwa kila baharia kwa siku, mashine ya kusafisha maji ya bahari pamoja na vipuri vyake, na meli ya kupokea zamu, ndipo aje kwenye idadi ya bunduki.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya walinzi wa pwani ya China iliyoanza Februari 1, 2021 inaruhusu kutumia silaha katika maji ambayo China inadai ni yake. Kwa upande wa pili, miongozo ya mwaka 2023 ilieleza kwamba mkataba wa ulinzi wa 1951 kati ya Marekani na Ufilipino unahusu pia meli za walinzi wa pwani, popote ndani ya Bahari ya China Kusini. Meli nyeupe ya walinzi wa pwani, isiyo na kombora, inaweza kubeba uzito wa kisiasa ambao droni haina.

Inamfaa nani. Anayepoteza bahari yake kidogo kidogo bila risasi kulia.

Kulingana na hali

Kama wavuvi wako wanafukuzwa na kambi yako ya mbali baharini haipati mahitaji bila ruhusa ya mwingine, anza na meli za doria, na nunua angalau tatu za aina moja kabla ya kugusa kitu kingine. Tatu za aina moja hushirikiana vipuri na mabaharia. Tatu za aina tatu ni karakana tatu. Ongeza droni za kuangalia na kamera za kurekodi, kwa sababu video ya tukio la Juni 17, 2024 pale Ayungin, ambapo baharia Mfilipino alikatika kidole gumba walinzi wa pwani wa China walipozuia boti za mahitaji, ilisafiri haraka kuliko barua yoyote ya kibalozi.

Kama hofu yako ni kuvamiwa na maji ni membamba, makombora ya malori na boti za kulipuka ndiyo jozi ya kwanza. Nyambizi zitakula fedha hizohizo na kufika zikiwa chache mno. Lakini kama tayari una nyambizi zinazofanya kazi, usiziache zioze ili ununue kipya. Vipuri vya zilizopo vina faida kuliko agizo jipya.

Kama una makombora lakini rada zako ziko ufukweni, usinunue betri nyingine. Nunua macho: ndege mbili za doria zilizotumika, rada za vilimani, na mkataba wa taarifa za setilaiti na rafiki anayeaminika, kisha fanya mazoezi ya kutoa shabaha kutoka kwa ndege hadi kwenye lori mpaka yafanyike kwa dakika.

Kama una maji ya kina, fedha za uhakika na subira, nyambizi zinakufaa, kwa masharti mawili yaandikwe kabla ya mkataba: nani atawaokoa mabaharia, na injini na betri zinatoka nchi gani. Thailand ilikwama kwa injini. Vietnam inategemea Urusi, ambayo tangu 2022 viwanda vyake vina vita yake ya kuhudumia. Wahenga walisema hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi, na silaha ambayo kipuri chake kiko mkononi mwa mwingine ni yako nusu tu.

Na kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, nawe una miaka miwili, chukua droni za kuangalia pamoja na kituo kimoja cha kuunganisha picha za rada, ndege na meli za uvuvi. Hazitamzuia mtu. Zitakuonyesha nani anaingia, lini, kupitia njia ipi na mara ngapi kwa mwezi, na kwa takwimu hizo utajua kama fedha zinazofuata ziende kwenye meli, makombora au nyambizi.